Kaka yangu anatumia kiti cha magurudumu, hotelini wananiuliza mimi chakula chake. Tunafanyaje?

HajaraBombo aliuliza:

Salaam wadau, natumai mko salama. Nina jambo limenikaa rohoni, naomba mawazo hasa ya wenye kulijua kwa karibu.

Kaka yangu mkubwa aligongwa akiwa kwa boda akaumia uti wa mgongo, sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Kichwa chake kiko sawa kabisa, ndiye anatupigia hesabu za duka la familia, ndiye anabishana na wasapulaya mpaka bei inashuka. Lakini tukiingia hoteli kula, hasa hizi za Kampala mjini, huyo mtu ni kama hayupo. Weita anakuja anasimama upande wangu ananiuliza "na huyu atakula nini?" Huyu! Amekaa hapo hapo, anasikia harufu ya pilau kama mimi, na pesa ya kulipa iko mfukoni mwake. Nikisema muulize mwenyewe, weita anamgeukia halafu anaanza kupaza sauti polepole, neno moja moja, na kaka yangu masikio yake hayana shida yoyote. Bili ikija inawekwa mbele yangu. Chenji pia napewa mimi.

Na hapo ni kama tumefanikiwa kuingia. Mlangoni kuna ngazi, askari wawili wanakuja mbio, hawasemi hata samahani mzee, wananyanyua kiti na mtu juu yake, watu wote wanageuza shingo. Wanajiona wamesaidia na mimi sikatai kwamba nia ni nzuri, lakini nimemuona kaka yangu alivyofumba macho. Choo tukiuliza tunaambiwa kiko juu.

Sasa binti yake wa kwanza anamaliza Makerere, familia tumepanga tukitoka kwa sherehe twende tule chakula cha mchana mahali pazuri, watu kama ishirini. Baba mtu akasema nyie nendeni, mimi nitawasubiri nyumbani. Mtoto kusikia hivyo akasema basi hataki hicho chakula. Nyumba nzima imenuna.

Naomba kujua, mtu akipiga simu kabla ya kwenda aulize nini hasa? Halafu haya mambo ni haki yake au tunaomba tu huruma ya mwenye hoteli? Na weita akinigeukia mimi nimwambieje bila kumfanya kaka yangu ajisikie vibaya zaidi mbele za watu? Sitafuti ugomvi, nataka tu ale na mtoto wake.

MzeeWaNtinda alijibu:

Binti yangu Hajara, pole, na hongera kwa huyo mtoto. Mimi pia ni mtu wa kiti, polio ya utotoni, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaishi.

Ukipiga simu ukauliza "mnapokea watu wenye ulemavu?" kila mtu atakwambia ndiyo nyabo karibu sana. Hakuna anayesema hapana. Halafu unafika unakuta ngazi tano. Uliza kitu cha kuhesabika. Kutoka pale gari inaposimama mpaka mezani kuna vidaraja vingapi, hata kimoja wakihesabu, maana mtu anayetembea vidaraja viwili havioni kabisa, atakwambia "hapa ni chini tu". Mlango wa choo una upana wa sentimita ngapi, wachukue futi wapime, kuanzia 80 viti vingi vinapita, chini ya 70 usijisumbue kwenda. Ndani ya choo kiti kinaweza kugeuka? Hapo inatakiwa nafasi wazi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Halafu omba picha kwa WhatsApp, ya mlango wa mbele na ya choo kwa ndani. Meneja ambaye anatembea na simu yake mpaka chooni akupigie picha, huyo ndiyo nenda kwake. Anayesema "usijali tutamsaidia akifika", tafuta kwingine.

Nasisitiza choo kwa sababu watu wanadhani shida yetu ni mlango. Wengi wetu tukijua leo tunakula nje tunaacha kunywa maji tangu asubuhi. Unakaa kwenye karamu, vinywaji vinapita, wewe unasema sina kiu. Na kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo kujinyima maji ni hatari kweli, maambukizi ya njia ya mkojo ndiyo yanawarudisha hospitali kila mara. Inawezekana kabisa kaka yako hakatai chakula wala watu, anakataa yale masaa matano bila choo. Muulize hilo taratibu mkiwa wawili tu.

Kuhusu kunyanyuliwa. Hakuna kumgusa mtu wala kiti chake kabla hajaulizwa, na akisema hapana basi ni hapana. Kama amekubali, yeye ndiye anaamuru jinsi ya kubebwa, sio askari. Kupanda ngazi kiti kinageuzwa mgongo utangulie, kinalazwa nyuma kwenye magurudumu makubwa, mwenye nguvu zaidi anakaa nyuma anashika mishikio anavuta daraja moja baada ya jingine, wa pili anakuwa mbele anashika chuma cha fremu. Wasishike pa kuwekea mikono wala pa kuwekea miguu, vile vinachomoka, na nimeanguka hivyo. Vijana wanatunyanyua kama magunia ya mkaa halafu wanashangaa tumekasirika.

Na kama watakwambia wana rampu, ulizia urefu pia. Kanuni ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka 12 za kwenda mbele. Vidaraja viwili vya sentimita 15 vinahitaji rampu ya mita 3.6. Sehemu nyingi wanalaza ubao wa mita moja hapo wanaita rampu, ule ni mtego, kiti kinarudi nyuma na mtu wake.

Naluma_Jinja alijibu:

Dada Hajara kwa swali lako la pili, ni HAKI, tena imeandikwa. Katiba ya 1995 ibara ya 21 inakataza ubaguzi na imetaja ulemavu wazi wazi, ibara ya 35 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya heshima na utu. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Halafu kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020, ilichukua nafasi ya ile ya 2006, inakataza ubaguzi kwenye huduma na inataka majengo yanayotumiwa na watu yafikike. Hoteli ikifungua mlango kwa kila mtu haiwezi kumwambia huyu ingia na yule baki nje, na kumjengea ngazi tupu ni kumwambia baki nje.

Kama mtu amekataliwa waziwazi kuna Tume ya Fursa Sawa, ile Equal Opportunities Commission iliyoundwa kwa sheria ya 2007, inasikiliza malalamiko na ina mamlaka ya kuamua. NUDIPU, mwavuli wa vyama vya watu wenye ulemavu tangu 1987, nao wanaweza kukuelekeza. Weka risiti, piga picha za mlango na choo, andika tarehe na saa. Najua hujaja kwa ajili ya kesi, ila ni vizuri meneja asikie kwamba unajua unachozungumza. Mimi huwa nasema tu kwa upole "hii ni sheria ya 2020 ssebo", wengi wanabadilika sauti hapo hapo.

MwenyeHoteli_Mbale alijibu:

Naomba na mimi niseme upande wa kwetu wenye biashara bila kutukanwa. Nina hoteli ndogo, meza nane, wali, matoke, malewa na samaki. Jengo si langu. Nilimwomba mwenye jengo nivunje daraja la mbele niweke rampu, akasema rampu itakula sehemu ya kupaki na wapangaji wengine watalalamika. Choo tunachangia watu wa korido nzima, kiko nyuma na mlango wake mwembamba, siwezi kukigusa. Kodi inapanda, umeme unapanda, mkaa hata sizungumzi. Mnasema sheria, sawa, lakini sheria inanikuta mimi mpangaji na inamwacha mwenye jengo amelala kwake.

Na jingine, wateja wa hivyo kwa kweli hawaji. Nikiangalia mwaka mzima ni wachache mno. Siyo kwamba sitaki, nauliza tu mtu mdogo kama mimi anaanzia wapi.

Mwl_Rehema alijibu:

Ndugu yangu wa Mbale, asante kwa kusema ukweli, sikutukani. Lakini hilo la "hawaji" naomba tulitazame vizuri. Sensa ya 2014 ilihesabu asilimia 12.4 ya watu wa Uganda kuanzia miaka miwili kwenda juu kuwa na ulemavu wa aina fulani. Hao watu wanakula kila siku. Wana kaka, wana wafanyakazi wenzao, wana vikundi vya akiba, na mmoja asipoweza kuingia kwako kundi zima linaenda kwingine. Si umeona familia ya Hajara, watu ishirini wanaacha kwenda kwa ajili ya mtu mmoja, na wako sahihi.

Mimi sioni, ni mwalimu, nafundisha na nalipwa mshahara. Hoteli yako naweza kuingia na hilo daraja lako bila shida, kwangu mimi kinachonifukuza ni kingine kabisa na hakihitaji ruhusa ya mwenye jengo. Naingia na fimbo yangu nyeupe, mtu ananidaka mkono ananivuta. Usinivute. Jitambulishe, sema "mimi ni mhudumu wa hapa, nikushikie?" halafu nipe kiwiko chako nikishike mimi, tutembee wewe mbele nusu hatua. Tukifika, weka mkono wangu kwenye mgongo wa kiti, nitakaa mwenyewe, kukaa najua tangu utotoni.

Menyu nisomee, na usome na BEI. Hili linaniuma sana, wananitajia chakula bila bei, wengine wanachagua kabisa "nikuletee wali na maharage eh?" kwa sababu wameshaamua mtu asiyeona hawezi kumudu luwombo. Chakula kikija niambie kiko wapi, supu iko kulia kwako, maji juu kushoto, pilipili iko kwenye kibakuli kidogo mbele, na ukiondoka sema unaondoka. Nimewahi kuongea na hewa muda mrefu nadhani weita bado amesimama, na meza ya jirani inanisikiliza.

Halafu malipo. Nikisema nalipa kwa MoMo, yaani pesa za simu, weita anachukua simu yangu "lete nikusaidie", kisha anauliza namba ya siri kwa sauti, hapo katikati ya watu. Simu yangu inazungumza, najua kuitumia, nitajie tu namba ya kulipia na jumla ya pesa kisha subiri. Na kama ni noti nazikunja kila moja kwa namna yake nyumbani kabla sijatoka, kwa hiyo ukinirudishia chenji niwekee moja moja mkononi, hii elfu kumi, hii elfu tano, hizi mbili za elfu moja. Ukinipa zote kwa mkupuo nitazipangaje nikiwa nimesimama mlangoni?

Haya yote gharama yake ni kuwaambia vijana wako siku moja asubuhi kabla hamjafungua. Hapo ndipo mtu mdogo anaanzia. Rampu endelea kumfuata mwenye jengo, usimwachie, ila usiifanye iwe sababu ya kutofanya mengine.

MwenyeHoteli_Mbale alijibu:

Mwalimu nimekusoma mara mbili. Je, na ile menyu ya nukta nundu, maandishi ya kupapasa kwa vidole, inachapishwa wapi? Nikiwa nayo itasaidia?

Mwl_Rehema alijibu:

Itasaidia wachache, wengi waliopoteza macho ukubwani hawasomi nukta nundu, na wewe bei zako zinabadilika kila nyanya ikipanda. Nisomee tu kwa sauti ya kawaida. Ukitaka kufanya la ziada andika menyu nzima na bei kama meseji ya maandishi, sio picha, uwe unawatumia wateja kwa WhatsApp, simu itanisomea hata kabla sijatoka nyumbani. Picha ya menyu simu yangu haiisomi vizuri.

Ocen_Gulu alijibu:

Mimi kiziwi. Ninaandika kiswahili nilijifunza kwa kusoma na kwa watu wa sokoni, mnisamehe makosa.

Kwetu ngazi hazina shida, mlango hauna shida. Shida inaanza weita akijua kwamba sisikii. Kwanza anapiga kelele. Pili anaogopa, anaenda kuita mwenzake, wote wawili wanasimama wananiangalia. Tatu wananiita lile jina baya la kiziwi ambalo watu wanafikiri siwezi kulisoma midomoni, na mimi nalisoma. Nataka tu mtu atoe menyu nionyeshe kwa kidole, au achukue simu aandike. Aniangalie usoni akiongea, asifunike mdomo, asiongee akiwa amenipa mgongo.

Zile sehemu za chipsi wanaita namba mimi nakaa. Wanaita 34, 35, 36, mimi ni 34, chakula kinapoa juu ya kaunta na mimi naangalia tu watu wanainuka. Wakiandika namba kwa ubao, au mtu akinipungia mkono, imekwisha. Nikiagiza kwa simu niletewe, kijana wa boda anapiga, anapiga, anapiga, sipokei, anarudi na chakula na mimi nimelipa. Niliandika pale kwenye oda "mteja ni kiziwi tuma meseji" na bado anapiga.

Kuna sehemu moja hapa mjini msichana mmoja wa kaunta alijifunza ishara kidogo, asante, maji, kuku, ngapi, chumvi, subiri. Chache tu. Sasa sisi viziwi tunakula huko, mpaka jumapili tunajaa meza tatu, na bosi wake amefurahi. Katiba yetu ya 1995 imetaja lugha ya ishara iendelezwe, Chuo Kikuu cha Kyambogo wanafundisha wakalimani, kitu hiki si kigeni hapa Uganda. Mwenye hoteli ya Mbale, chama cha viziwi UNAD ukiwauliza watakuonyesha mtu wa kufundisha vijana wako maneno ya chakula.

Mama_wa_Malaba alijibu:

Ocen mwanangu umeandika vizuri kuliko wengi wanaosikia.

Mimi naongeza la mlangoni. Sisi huku mpakani, Malaba na Busia, watu wenye baiskeli za mikono wanajulikana kwa biashara, wanavusha mizigo, mafuta ya kula, sabuni, unga, ni wafanyabiashara kamili na wanalisha watoto kwa jasho lao. Sasa mmoja wao, jirani yangu, akifunga hesabu alasiri anataka akae mahali penye feni ale samaki wake kama mtu yeyote. Askari anamuona tu na ile baiskeli anamrushia mia tano au anamwambia mzee hapa haturuhusu kuomba. Mtu ana laki tatu kiunoni! Wengine wanamletea chakula nje, ati asisumbuke kuingia, anakula pembeni ya barabara na vumbi la matrela huku wenzake wako ndani. Anayefanya hivyo anafikiri amemhurumia. Hapana, amemfukuza na sahani mkononi.

Kama una hoteli anza na askari wako. Kabla ya weita, kabla ya rampu, yule wa getini ndiye anaamua nani ni mteja. Mfundishe kitu kimoja, mtu yeyote akija karibu na mlango anasalimiwa "karibu, tuko wazi", basi. Akiwa ni wa kuomba atasema mwenyewe.

Weita_Kabalagala alijibu:

Mimi niko kwenye kazi hiyo, nawaambia ukweli wa ndani. Hakuna aliyetufundisha. Unaajiriwa jumatatu, unapewa aproni, unaonyeshwa namba za meza, imekwisha. Halafu bosi anasema wateja wa gari kubwa waweke mbele, na mtu mwenye magongo mpeleke kule nyuma karibu na jikoni "ili asisumbuliwe", wakati sababu ni nyingine, hataki waonekane kwenye meza za mbele. Nilikataa kumhamisha mama mmoja mwenye ualbino aliyekaa mbele, alikuwa hajamkosea mtu, amekaa anakunywa chai yake. Nilipewa onyo. Mama yule hakujua na sikutaka ajue.

Dada Hajara kwa swali lako la tatu, ushauri wa mtu wa kazi. Usimrekebishe weita kwa maneno mbele ya meza, tunachanganyikiwa tunafanya vibaya zaidi. Akija akakuangalia wewe, wewe mwangalie kaka yako na unyamaze. Kaa kimya tu. Weita atafuata macho yako, kaka yako ataanza kuongea na mambo yamekwisha bila mtu kuaibika. Na usiku wa kabla mpigie meneja umpe jina la kaka yako, mwambie huyu ndiye mwenye meza, oda zote na bili ziende kwake. Sisi tukiambiwa "mwenye meza ni mzee fulani" tunamkimbilia huyo huyo hata angekuwa amekaa juu ya nini.

Musa_Minneapolis alijibu:

Nawasoma kutoka Marekani, mimi ni wa Arua. Huku wana sheria ya watu wenye ulemavu, ADA ya 1990, na migahawa imetajwa ndani yake, hata mbwa wa kumuongoza asiyeona anaingia naye na mhudumu haruhusiwi kumdai karatasi za mbwa. Lakini msifikiri huku ni peponi. Kila mwaka watu wanafungua kesi kwa sababu ya ngazi na vyoo, na shangazi yangu anayetumia kiti, weita bado ananiuliza mimi yeye atakunywa nini. Rampu ipo, choo kipo, heshima bado inapiganiwa.

Naluma_Jinja alijibu:

Kwa hiyo tusisubiri kimoja kiishe ndipo tuanze kingine. Ndugu wa Mbale, kuhusu mwenye jengo lako, kuna Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, kila wilaya na mji unatakiwa kuwa na kamati ya ujenzi. Akiomba kibali cha kujenga au kubadilisha jengo ndipo hapo pa kumbana, rampu na choo viwe kwenye ramani kabla ya kibali kutoka. Jiungeni wapangaji wote wa korido mwandike barua moja. Mwenye duka la dawa hapo jirani yako hana wateja wanaotembea kwa magongo? Anao. Mkienda wengi hawezi kusema ni tatizo lako peke yako.

HajaraBombo alijibu:

Wallahi mmenisaidia, nimesoma kila kitu na nimemsomea na mwenyewe. Mzee wa Ntinda ulijua, nilimuuliza kuhusu choo tukiwa wawili akanyamaza sana halafu akasema ndiyo, ndicho hicho. Alikuwa haoni jinsi ya kukisema mbele ya binti yake. Nilijisikia uchungu kwa sababu sisi wote tulikuwa tunamwambia "usijali maneno ya watu".

Nimepiga simu kwa hoteli kadhaa nikauliza vidaraja na sentimita. Wawili walinikatia simu. Mmoja alisema hana futi. Kuna moja upande wa Ntinda meneja wake ni mama, alituma picha sita na video, anatembea kutoka kwenye parking anahesabu kwa sauti, mlango wa choo sentimita 85, kuna chuma cha kushikia ukutani. Kuna kidaraja kimoja tu pale kwenye baraza akasema fundi wake ataweka rampu ya chuma. Nilimpa namba ya kaka yangu nikamwambia mwenye meza ni huyu, waliongea wenyewe, wakabishana bei ya pilau mpaka ikashuka. Amekubali kwenda!

Sasa swali la mwisho kabla sijawaachia. Hicho kidaraja ni sentimita 14. Hiyo rampu ya chuma iwe ndefu kiasi gani? Na meza, kuna kitu cha kuangalia?

MzeeWaNtinda alijibu:

Alhamdulillah binti yangu. Sentimita 14 mara 12 ni 168, kwa hiyo mwambie fundi isipungue mita 1.7, upana uwe angalau 90, na pembeni aweke ukingo mdogo gurudumu lisichomoke. Ile chuma laini inateleza ikilowa na hii ni Kampala mvua inakuja bila hodi, wachomelee vipande vya nondo vyembamba kwa juu au wanunue chuma yenye michirizi.

Meza usikubali ile yenye mguu mmoja mnene katikati, miguu ya kiti inagonga pale na mtu anakaa mbali na sahani yake akila kwa kunyoosha shingo. Meza ya miguu minne, chini yake pawe wazi kama sentimita 70 ili magoti yaingie. Kiti kimoja cha pale waondoe mapema kabla hamjafika, sio mnafika ndipo wanaanza kuburuta viti watu wakiangalia. Na asiwekwe mwisho wa meza kwenye njia ya weita, kila sinia itapita juu ya kichwa chake. Mweke katikati, karibu na binti.